Mti Hauna Vita na Mtu

Jeshi limeuzingira mji. Wiki zinapita, malango hayafunguki, askari wamechoka na chakula kinapungua. Nje ya kuta kuna mashamba ya mizeituni na mitende, na jemadari anahitaji mbao za ngazi na za maboma. Miti yenyewe ni mali ya adui. Kuifyeka kutampunguzia adui nguvu na kuwavunja moyo wale wanaochungulia kutoka juu ya ukuta, na hakuna atakayemlaumu askari kwa kuinua shoka wakati wa vita. Hapo ndipo Torati inapoingilia kati. Katika sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati, katikati ya kanuni za vita, jeshi linaambiwa kwamba hata mzingiro ukichukua siku nyingi, mti wa matunda usikatwe. Matunda yake yaliwe, mti wenyewe uachwe umesimama. Miti isiyozaa chakula ndiyo iliyoruhusiwa kwa kazi ya vita.

Anayetaka kuelewa Wayahudi wanafundisha nini kuhusu mazingira na wanyama, namshauri aanzie hapo, asianzie kwenye bustani ya Edeni. Hotuba nyingi za dini na mazingira huanzia Edeni na kuishia huko huko, kwenye sifa za uumbaji ambazo hazimgusi mtu mfukoni wala shambani. Mimi naona uzito wa mafundisho haya uko pengine. Sheria ya Kiyahudi inamngoja mtu pale ambapo tayari ana udhuru. Vita ni udhuru. Uadui ni udhuru. Njaa, haraka, faida, na ile kauli ya "shamba ni langu, linakuhusu nini?", zote ni udhuru, na karibu kila agizo muhimu la Torati na la marabi kuhusu miti, maji na wanyama limewekwa mlangoni pa mojawapo ya hizo.

Katazo la miti halikutolewa kwenye ombwe. Wafalme wa Ashuru walijivunia kukata mitende ya miji waliyoizingira, wakaagiza tendo hilo lichongwe kwenye kuta za majumba yao. Michongo hiyo ipo mpaka leo London, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Warumi walipoizingira Yerusalemu mwaka 70, mwanahistoria Yosefo aliandika kwamba miti yote ilimalizwa kwa umbali wa maili kadhaa kuuzunguka mji, kiasi kwamba mgeni aliyewahi kuiona nchi ile asingeitambua. Biblia nayo haifichi kwamba Waisraeli wenyewe walilivunja katazo hilo. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 3, kinasimulia vita dhidi ya Moabu ambamo kila mti mzuri uliangushwa na chemchemi zikazibwa, tena baada ya tamko la nabii Elisha. Marabi walihangaika na kisa hicho kwa karne nyingi. Naona heri wamehangaika, kwa sababu sheria isiyowahi kuwabana wenyewe wanaoishika ina thamani gani?

Rashi, mfafanuzi mkuu wa Torati wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, aliielewa aya ya mti wa matunda kwa namna ya kumuuliza askari swali. Mti huu ni mtu, hata uweze kukukimbia na kujificha ndani ya mji? Ugomvi wako ni na watu. Mti haukukosei kitu.

Kutoka agizo hilo la vita marabi walijenga kanuni pana wanayoiita bal tashchit, yaani katazo la kuharibu. Hoja yao haikuwa ngumu. Ikiwa mti wa adui, wakati wa vita, haukatwi ovyo, basi chakula changu mwenyewe, nguo yangu, maji yangu, wakati wa amani, nitavichezea kwa ruhusa ya nani? Maimonides, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, aliorodhesha katika kitabu chake kikubwa cha sheria makosa yanayoingia humo: kuvunja vyombo, kuchana nguo, kubomoa jengo, kuziba chemchemi, kupoteza chakula. Miaka mingi kabla yake, Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, ilikuwa imeshateremka hadi kwenye taa ya chumbani. Mwenye kuifunika taa ya mafuta au kuiacha wazi kwa namna inayoyafanya mafuta yaungue upesi kuliko inavyohitajika, alisema mmoja wa wanazuoni wa Babeli, amevunja katazo hilo. Mambo yetu ya leo ya bomba linalovuja na taa zinazowaka usiku kucha kwenye ofisi tupu yasingemshangaza mwanazuoni yule hata kidogo.

Marabi walipima pia. Mtende unaozaa kabu moja ya tende, kiasi cha lita moja au mbili, haukatwi. Mzeituni unalindwa hata ukizaa robo tu ya hiyo, kwa sababu zeituni zina thamani zaidi. Na katikati ya vipimo hivyo vya kisheria, Talmudi inaingiza ghafla uchungu wa mzazi: Rabi Hanina anasema mwanawe alikufa kwa sababu tu aliukata mtini kabla ya wakati wake. Sihitaji kuamini kwamba mti hulipiza kisasi ili nilielewe jambo hilo. Baba amepoteza mwana, na alipotafuta katika maisha ya marehemu kosa la kutosha kulieleza pigo lile, alichokipata ni mti uliokatwa.

Kanuni hii ina tundu, na ni vizuri kulisema mapema. Sheria inaruhusu mti wa matunda ukatwe ikiwa unaharibu mali ya wengine, au ikiwa thamani ya mbao zake imezidi ya matunda yake. Haja ya kweli ya binadamu inatambuliwa. Lakini haja ni kitu kinachonyumbulika. Mwenye tingatinga ana haja, mwenye kujenga hoteli ufukweni ana haja, na mwanasheria hodari akilipwa vizuri anaweza kuipitisha haja yoyote kwenye tundu hilo. Rabi Samson Raphael Hirsch wa Ujerumani, aliyeandika mwaka 1838 na kuliweka katazo la kuharibu miongoni mwa miito mikubwa kabisa ya dini yake, aliona hatari hiyo: anayetumia vitu kuliko anavyohitaji naye ni mharibifu, hata kama hakuvunja chochote.

Kwa upande wa wanyama, udhuru wa kwanza ni chuki. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinamchukua mtu njiani, anakutana na punda wa mtu anayemchukia, amelala chini ya mzigo uliomwelemea. Kila mtu mwenye mahasimu anajua moyo unavyosema wakati huo: pita zako. Torati inasema usipite. Marabi waliiona aya hiyo kuwa nguzo ya kanuni ya kuzuia mateso ya viumbe hai, kisha wakafanya kile wanachokifanya vizuri kuliko watu wengi niliowasoma, yaani kuuliza maswali ya mtu aliyesimama pale barabarani juani. Kumshusha punda mzigo kunalipwa? Hapana, unamshusha bure. Kumpakia tena? Kwa hilo unaweza kudai ujira. Akianguka tena baada ya hatua chache? Mshushe tena, hata mara nne au tano. Mwenye punda akikaa pembeni na kukuambia kwamba amri ni yako, shusha mwenyewe ukitaka? Hapo umetoka kwenye wajibu wa kumsaidia yeye, kwa sababu Torati ilitaka mfanye kazi pamoja. Ila akiwa mzee au mgonjwa, unabaki na wajibu. Na wapo waamuzi wa baadaye waliosema kwamba hata mwenye punda akiwa mvivu wa kukaa pembeni, punda mwenyewe hana hatia, asiachwe.

Kisha linakuja swali linaloniacha nikifikiri kila ninapolirudia. Mbele yako kuna wawili: rafiki yako anahitaji msaada wa kumshusha punda mzigo, na adui yako anahitaji msaada wa kumpakia wake. Punda anayeteseka ni yule wa rafiki. Talmudi inasema uanze na adui, ili uutiishe moyo wako. Kwa muda ule, kuuponya moyo wa binadamu kumewekwa mbele ya maumivu ya mnyama. Naona mantiki yake, kwa kuwa moyo uliokwisha kutiishwa utawasaidia punda wengi baadaye. Lakini siwezi kusema nimeridhika, na nawaheshimu marabi kwa kuliacha swali hilo wazi mbele ya macho yetu.

Maagizo mengine yanatembea njia hiyo hiyo. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, ingawa kila shuke analokula ni hasara kwa mwenye shamba. Ng'ombe na punda wasifungwe nira moja, kwani nguvu zao hazilingani na mdogo ataburuzwa. Mnyama na mtoto wake wasichinjwe siku moja. Sabato ni ya mnyama pia, imetajwa waziwazi ndani ya Amri Kumi, na kama mnyama ameanguka kwenye mfereji wa maji siku hiyo, ambayo kazi nyingi ni haramu, Talmudi inaruhusu mito na magodoro yaletwe na kuwekwa chini yake ili apande mwenyewe atoke. Mwenye mifugo haruhusiwi kuketi kula kabla mifugo yake haijala. Marabi walilitoa hilo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 11, ambapo majani ya mifugo yanatajwa kabla ya shibe ya mwenye mifugo. Mfugaji yeyote anaijua hali hiyo ya kurudi jioni na njaa, wanyama wanalia zizini, sufuria iko motoni. Sheria imemkuta hapo hapo.

Kuna kisa kimoja ninachokiona kuwa kilele cha haya yote, na kinamhusu mtu mkubwa kuliko wote wa zama zake. Rabi Yehuda ha-Nasi, aliyeikusanya Mishna, yaani sheria za mapokeo ya marabi, mnamo mwaka 200 huko Galilaya, alikuwa na elimu, utajiri na heshima. Siku moja ndama alikuwa akipelekwa kuchinjwa. Akaponyoka, akaja kwa rabi, akaficha kichwa chake kwenye pindo la joho lake, akalia. Rabi akamwambia aende zake, kwamba aliumbwa kwa ajili hiyo.

Kwa mujibu wa sheria hakukosea hata neno. Kuchinja ni halali, ndama wanaliwa, naye hakumpiga wala kumtukana. Lakini Talmudi inasema mbinguni ilitamkwa hivi: kwa kuwa hana huruma, naye apatwe na mateso. Akapatwa na maradhi makali, akaugua miaka 13. Yalimwondoka kwa jambo dogo vilevile. Mjakazi wake alikuwa akifagia nyumba, akakuta watoto wa kicheche sakafuni na kutaka kuwafagilia nje. Rabi akamzuia. Waache, akamwambia, kwani huruma za Mungu ziko juu ya kazi zake zote, kama isemavyo Zaburi. Tazama waandishi wa kisa hicho walivyokuwa wajasiri. Walimchukua kiongozi wao mkuu, mtu aliyewakusanyia Mishna, wakasimulia kwamba aliadhibiwa kwa kosa ambalo sheria yake haiwezi kulishitaki. Udhuru wake ulikuwa wa kidini kabisa, ndiyo maana ulikuwa mbaya kuliko udhuru wote.

Walipofika karne za kati, wanazuoni waliulizana sababu. Kwa nini Torati iamuru mama ndege afukuzwe kwanza kabla ya kuchukuliwa mayai au makinda? Maimonides alisema mnyama huumia anapomwona mwanawe akiuawa, na kwamba katika mapenzi ya mama kwa mtoto hakuna tofauti kati ya binadamu na mnyama, kwa sababu mapenzi hayo hayatoki kwenye akili ya kufikiri. Nachmanides wa Uhispania, katika karne iliyofuata, alisema amri hizo ni za kutufunza sisi, tusije tukawa wakatili, akaongeza kwamba anayewachukua mama na watoto pamoja ni kama anayeiangamiza jamii nzima ya ndege wale. Nimevutiwa zaidi na Maimonides. Hoja ya kutufunza sisi ina uzuri wake, lakini inamfanya mnyama kuwa ubao wa kufanyia mazoezi ya tabia, na mtu akijiona tayari ana tabia njema atasema hahitaji mazoezi. Maimonides huyo huyo, katika kitabu chake cha falsafa alichokiandika kwa Kiarabu, alikataa dhana kwamba viumbe vyote vimeumbwa kwa ajili ya binadamu. Vipo, alisema, kwa ajili ya nafsi zao.

Ulaya ya Kati nako swali lilifika kwa sura mpya. Karne ya 18, rabi wa Prague, Ezekiel Landau, aliulizwa na mtu aliyepata ardhi kubwa yenye misitu: je, inafaa kwa Myahudi kuwinda kwa bunduki kama mabwana wengine wenye ardhi? Landau alikiri kwamba kwa kufuata maneno ya sheria peke yake ni vigumu kupata katazo. Halafu akasema katika Maandiko wawindaji anaowakuta ni Nimrodi na Esau, na kwamba haelewi mtu anawezaje kumuua kiumbe hai bila haja, kwa kupitisha wakati tu. Anayewinda kwa ajili ya kula na kuvaa, hana neno naye. Anayewinda kwa starehe alimwona mkatili.

Udhuru mkubwa kuliko wote katika zama zetu ni ule wa mali binafsi, na hapa marabi wana mengi ya kutuambia. Mishna inataka kiwanda cha kutengeneza ngozi kiwe dhiraa 50 kutoka mjini, nacho kijengwe upande wa mashariki peke yake, kwa sababu ya upepo na harufu. Uwanja wa kupuria nafaka nao usogezwe dhiraa 50, makapi yasiwaingie watu machoni na mashambani. Hizo ni kanuni za miaka 1,800 iliyopita zinazotambua kwamba moshi na vumbi havijui mpaka wa kiwanja. Talmudi inamsimulia mtu aliyekuwa akiondoa mawe shambani kwake na kuyatupa barabarani. Mchamungu mmoja akapita na kumuuliza: mbona unatoa mawe mahali pasipo pako na kuyatupa mahali palipo pako? Mwenye shamba akamcheka. Baadaye akaliuza shamba, akawa anapita barabara ile, akajikwaa kwenye mawe yake mwenyewe. Na Rabi Shimon bar Yohai alitoa mfano wa abiria kwenye chombo cha baharini aliyeanza kutoboa tundu chini ya kiti chake, akiwauliza wenzake kinachowahusu, maana anatoboa upande wake tu. Watu wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa mfano huo.

Mwaka wa saba ndio unaoigusa mali kwa ukali zaidi. Kila mwaka wa saba ardhi ya Israeli inapumzika: hakuna kupanda, hakuna kuvuna kwa biashara, kinachoota chenyewe ni cha maskini na cha wanyama wa mwituni. Sababu iko katika Mambo ya Walawi sura ya 25, kwamba ardhi ni ya Mungu na watu ni wageni juu yake. Kwa karne nyingi amri hiyo ilikuwa karibu ya vitabuni tu hadi Wayahudi waliporudi kulima Palestina mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka wa saba ulipofika mnamo 1888 walowezi walikuwa maskini, wakapatiwa njia: ardhi iuzwe kwa muda kwa asiye Myahudi ili kilimo kiendelee. Rabi Abraham Isaac Kook aliitetea njia hiyo katika mwaka wa saba wa 1909 hadi 1910, kwa uchungu, kwa sababu aliwaona watu watakaolala njaa. Wapinzani wake waliiita hila, na ubishi haujaisha mpaka leo. Mimi namwelewa Kook. Lakini njaa ya mwaka 1909 haipo tena, na uuzaji wa karatasi bado upo.

Huyo huyo Kook aliandika kwamba ulaji wa nyama uliruhusiwa baada ya gharika ya Nuhu kama hatua ya kumhurumia binadamu aliyeshuka, na kwamba siku za mwisho watu watarudi kwenye chakula cha mimea kilichotajwa katika sura ya kwanza ya Mwanzo. Hakuwalazimisha watu, wala yeye mwenyewe hakuacha nyama kabisa. Alichokifanya ni kuondoa fahari kwenye sahani: nyama ni ruhusa, na ruhusa inaweza kufikia mwisho wake.

Dola la Israeli la leo si sawa na dini ya Kiyahudi, lakini mara nyingine mafundisho haya yamefika mahakamani kwake na kushinda. Israeli ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ini la bata bukini wanaononeshwa kwa kulishwa kwa nguvu, bomba likiingizwa kooni mara kadhaa kwa siku. Mwaka 2003 Mahakama Kuu iliamua kwamba njia hiyo inavunja sheria ya nchi ya kulinda wanyama, na katika miaka michache iliyofuata kazi hiyo ikakoma. Wafugaji walikuwa na udhuru wa kweli, kwani walitegemea kazi hiyo kwa riziki, na mahakama iliusikia udhuru huo kabla ya kuukataa. Mwaka 2021 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kupiga marufuku biashara ya manyoya ya wanyama kwa ajili ya mitindo. Humo humo ikaacha mlango: matumizi ya kidini yaliruhusiwa, na kofia kubwa za manyoya zinazovaliwa na wanaume wa madhehebu ya Kihasidi siku za Sabato zikaendelea kuuzwa. Hapa dini yenyewe imekuwa udhuru, na kisa cha Rabi Yehuda na ndama kingepaswa kusomwa kwa sauti mbele ya watunga kanuni siku ile.

Sasa nirudi kwenye miti, kwa sababu haiwezekani kuandika habari hizi leo na kuukwepa mzeituni. Ukingo wa Magharibi kwa miaka mingi mizeituni ya wakulima Wapalestina imekatwa na kuchomwa na walowezi, na mingine imeng'olewa na jeshi kwa sababu inazotaja kuwa za usalama. Gaza, baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 na vita vilivyofuata, picha za setilaiti zilizochambuliwa na Umoja wa Mataifa zilionyesha kwamba kufikia katikati ya 2024 zaidi ya nusu ya mashamba yalikuwa yameharibiwa. Kuna watakaosema kwamba mbele ya maelfu ya watu waliouawa, kuuliza habari za miti ni kukosa adabu. Nawaelewa, na damu ya watu ina haki ya kwanza. Lakini sheria ninayoizungumzia haikutolewa kwa siku za amani. Iliandikwa kwa ajili ya jemadari mwenye hofu, mbele ya mji wa adui, aliyeshika shoka. Atakayesema vita vimeifuta, amefuta mahali pekee ilipoandikwa.

Wapo Wayahudi wanaolisema hilo kwa miili yao. Shirika la Marabi kwa Haki za Binadamu, lililoanzishwa Israeli mwaka 1988, limekuwa likiwapeleka marabi na watu wa kujitolea kuvuna mizeituni bega kwa bega na wakulima Wapalestina, na kupanda upya miti iliyokatwa. Baadhi yao wamepigwa na walowezi. Nchini mwao wanaitwa wasaliti na wengi. Kwa hukumu yangu, hao ndio wanaoisoma sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati kama ilivyoandikwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuyatazami haya kutoka mbali sana. Wakristo tunayo Torati ile ile kwenye Biblia zetu, na Waislamu wanausimulia wosia wa khalifa Abubakar, aliyeliagiza jeshi lililokuwa likielekea Sham lisikate miti ya matunda. Na wapo majirani zetu wanaozishika amri hizi kama Wayahudi kamili: jamii ya Abayudaya karibu na Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na iliyovumilia mateso ya enzi za Idi Amin. Wanaishi na kulima kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mlima ambao maporomoko ya udongo yaliyozika vijiji wilayani Bududa Machi 2010 yaliwaonyesha watu wote gharama ya ardhi iliyovuliwa miti. Mwaka 2004 baadhi yao waliunda ushirika wa kahawa pamoja na Wakristo na Waislamu wa maeneo hayo. Kwa mkulima wa namna hiyo, amri ya kumpumzisha ng'ombe siku ya Sabato inahesabiwa kwa jembe lililolala siku nzima wakati mvua inanyesha.

Lipo jambo ambalo dini ya Kiyahudi bado haijalikabili kwa nguvu inayostahili, nalo ni kuku. Sheria za kuchinja zimechungwa kwa makini ya hali ya juu: kisu kinapimwa kwa ncha ya kidole na kwa ukucha kuhakikisha hakina pengo hata la unywele, mkato haupaswi kusita, na mchinjaji akisimama katikati nyama ni haramu. Barani Ulaya kuna mabishano makali kuhusu uchinjaji huo, pamoja na ule wa Waislamu, na Februari 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliziunga mkono sheria za majimbo mawili ya Ubelgiji zinazotaka mnyama apotezewe fahamu kabla ya kuchinjwa. Pande zote zinabishania sekunde za mwisho. Kuhusu majuma au miaka iliyotangulia, muhuri wa kosheri, ule wa uhalali wa chakula, hausemi neno. Kuku aliyekulia kwenye kizimba asichoweza kunyoosha bawa, aliyekuzwa haraka hadi miguu ikashindwa kumbeba, akichinjwa kwa kisu safi anauzwa kama chakula halali kwa Myahudi mchamungu.

Njia ya kulitatua ipo na mlango umeshafunguliwa. Mwaka 1982 Rabi Moshe Feinstein wa New York, mwamuzi aliyesikilizwa kuliko wengine wote wa Marekani wakati wake, aliandika kuhusu ndama wanaofungiwa kwenye vibanda finyu na kunyimwa chakula chao cha asili ili nyama yao iwe nyeupe. Aliuliza weupe ule unamfaa nani, akaona haumfaishi mlaji chochote, ni wa kumhadaa mnunuzi tu, akaamua kwamba kumtesa mnyama kwa ajili hiyo ni haramu. Aliifanyia haja uchunguzi, akaikuta haipo. Mamlaka za marabi zinazotoa mihuri New York, London na Yerusalemu zina uwezo wa kumuuliza mwenye banda la kuku swali lile lile la Feinstein, na kuuzuia muhuri hadi lijibiwe. Zina wakaguzi tayari, ambao kila siku wanaingia kwenye machinjio. Waanze kwenda na kule kuku wanakokulia.